Uzi: Ustawi wa wafanyakazi wakati wa janga la maradhi. Tuanze na ratiba, mabango baadaye

#1 MpangaZamu (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wasimamizi wa zamu, maafisa utumishi, wawakilishi wa wafanyakazi na yeyote anayewapangia wenzake kazi maradhi yakiwa yametanda. Korona ilipoitwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, taasisi nyingi zilikimbilia vitu vitatu: namba ya simu ya mnasihi, semina ya kuhimili msongo, na bango la kuwapongeza mashujaa. Vyote vina nafasi yake, lakini havimpi usingizi mtu aliyefanya kazi siku 12 mfululizo. Hoja yangu ni kwamba ustawi huanzia kwenye karatasi ya ratiba. Anayebisha aje na hesabu.

(Najua wenye lugha watanikaba kwa "masaa". Hapa masaa ni muda, saa ni ile ya ukutani, tusichanganyane kwenye ratiba.)

Chukua kitengo kinachohitaji watu 6 kila zamu, zamu 3 kwa siku, siku 7. Hizo ni nafasi 126 kwa wiki. Mtu wa masaa 40 hujaza nafasi 5, kwa hiyo unahitaji watu 25.2, yaani 26. Hapo hakuna anayeumwa wala aliye likizo. Wimbi likipanda na mmoja kati ya watano akawa nje kwa sababu anaumwa, amejitenga au anauguza, unabaki na 21, nafasi 105. Pengo ni 21. Wengi hulifunga kwa kumpa kila aliyebaki zamu moja ya ziada, na kwenye karatasi inatoshea kabisa, maana 21 mara 6 ni 126. Ila sasa kila mtu yuko masaa 48, ana siku moja tu ya kupumzika, na akiba ni sifuri. Akidondoka mmoja zaidi, nafasi zake 6 zinawaangukia walewale waliochoka. Ndivyo vitengo vinavyobomoka: wiki ya kwanza vinaonekana vimeweza, ya tatu vinaanguka kwa mkupuo.

Ukitaka kuhimili upungufu wa asilimia 20 bila kuwakamua watu, gawanya 25.2 kwa 0.8: ni 31.5, sema 32. Huna 32? Basi punguza kazi. Kabla wimbi halijafika, gawa kazi za kitengo makundi matatu: zisizoweza kusimama hata kidogo, zinazoweza kusubiri wiki, na zinazoweza kuachwa mpaka wimbi lipite. Andika na kizingiti: "tukibaki 23 kundi la tatu linasimama, tukibaki 21 la pili linafuata." Mwenye mamlaka asaini mapema. Bila saini hiyo, usiku wa manane msimamizi wa zamu anabebeshwa uamuzi uliozidi cheo chake, na kwa kuogopa lawama atawabana watu badala ya kuisimamisha kazi.

#2 Bundi_wa_Usiku

Naongezea kwenye mpangilio wenyewe, maana idadi inaweza kutimia na watu wakachakaa vilevile.

Kosa namba moja ni kumtoa mtu jioni na kumrudisha asubuhi. Zamu zikiwa saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku, anayetoka saa 5 usiku akaingia tena saa 1 asubuhi ana masaa 8 katikati. Toa safari mbili, kuoga na kula: usingizi haufiki hata 5. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka pumziko la masaa 11 mfululizo katika kila masaa 24. Hata kama sheria ya kwenu haisemi hivyo, ifanye 11 kuwa ukuta usiorukwa.

Zungusha zamu kwenda mbele, yaani asubuhi, jioni, usiku. Mwili huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Usiku mfululizo usizidi 3, kisha siku 2 kamili. Na hapa ndipo waandaaji ratiba wanapodanganyana: siku mtu aliyotoka kazini saa 1 asubuhi HAIHESABIWI kuwa ya mapumziko. Ataimaliza amelala.

Mtu aliyekaa macho masaa 17 hupungua umakini kiasi cha mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Zamu ya masaa 12, jumlisha kuamka mapema, safari na makabidhiano yaliyochelewa, unakaribia huko bila kujua. Kwa hiyo kazi yenye hatari (kupima dawa, kuendesha mtambo, kuandika malipo makubwa) isiwekwe saa mbili za mwisho za zamu ndefu, na anayetoka usiku asiachwe aendeshe gari peke yake akiwa hoi.

Kulala kidogo katikati ya zamu ya usiku kunafaa, ila dakika 20. Ukimwacha afike 45 anazama kwenye usingizi mzito na anaamka hajielewi. Akiamka, mpe dakika 15 kabla hajashika kazi ya hatari.

#3 GlavuMbili

Mkuu MpangaZamu, ongeza safu moja kwenye ratiba yako: mpokezi wa mapumziko, yaani anayeshika nafasi ya mwenzake akienda kupumzika. Bila yeye mapumziko ni hadithi.

Kwa wanaovaa vifaa kinga kamili, pumziko la dakika 30 linahitaji dakika 45 hivi, kwa sababu kuvua kwa utaratibu, kunawa na kuvaa upya kunakula robo saa. Ukiandika "dakika 15" unampa mtu muda wa kuvua na kuvaa, basi. Pumziko lianze kuhesabiwa baada ya kunawa mikono. Zamu ya masaa 8, ukiacha saa ya kwanza ya makabidhiano na pumziko la mpokezi mwenyewe, inabakiza kama dakika 375. Gawanya kwa 45: mpokezi mmoja anawatosha watu 8. Watu 12 na mpokezi mmoja maana yake wanne hawatapumzika, na siku zote watakuwa walewale wapole.

Wenye suti nzima kwenye joto, kama zile za Ebola, hukaa ndani dakika 45 hadi saa moja kisha hutolewa, hata kama wanasema wanaweza kuendelea. Anayezidiwa na joto hajioni, anaona kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana mtu na mwenzake: wawili wanaingia pamoja, wanakaguana wakati wa kuvaa, na mmoja akianza kurudia maneno au kukosea mlango wote wawili wanatoka. Maji wanywe kabla ya kuingia na mara tu wakitoka, kwa sababu humo ndani hawataweza. Wengi hujinyima maji makusudi wasiende chooni. Hilo usilitibu kwa mahubiri ya afya. Weka choo karibu na eneo la kuvulia, na uweke ruhusa ya wazi ya kutoka.

#4 Mgeni_wa_Jukwaa

Uzi mzuri, ila wachangiaji wote mnaongea kama wodi. Sisi ni watu wa ofisi na ghala, tunavaa barakoa tu. Zamu zetu ziko sawa. Kinachowakosesha watu amani ni hofu ya kupeleka ugonjwa nyumbani. Hilo nalo linapangwa kwenye ratiba?

#5 HewaSafi

@Mgeni_wa_Jukwaa hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo usiitibu kwa kuwaambia watulie. Anza na chumba cha chakula. Huko ndiko barakoa hushuka, watu huketi uso kwa uso, na sauti hupanda.

Pima chumba: urefu mara upana mara kimo. Mita 6 kwa 5 kwa 3 ni mita za ujazo 90. Lengo linalotumika sana ni hewa safi ya kutosha kubadilisha ujazo wa chumba mara 5 kwa saa, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 450 kila saa. Inaweza kutoka madirishani, kwenye feni ya kutolea nje au kwenye mashine ya kuchuja yenye kichujio cha HEPA (kile kinachonasa chembe ndogo sana). Soma kwenye lebo kiasi cha hewa safi mashine inachotoa kwa saa. Sentensi ya "inafaa chumba kikubwa" ipuuze. Mashine ya 300 inakupa mara 3 na ushee, pungufu ulimalizie dirishani. Na angalia kipimo hicho ni cha kasi ipi: aghalabu ni kasi ya juu kabisa, na kasi hiyo ina kelele, watu wataishusha siku ya pili. Nunua kubwa kidogo uiendeshe kasi ya kati.

Ukiwa na kipima kaboni dioksidi, nje husoma kama ppm (sehemu kwa milioni) 420. Ndani, watu wakiwemo, ukiona 800 au chini yake hewa inazunguka vizuri. Ikipita 1000 na kuendelea kupanda, mnavuta pumzi za wenzenu. Kiwekwe usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na mdomo wa mtu. Angalizo ambalo wengi hulikosa: mashine ya kuchuja huondoa chembe za hewani lakini haiondoi kaboni dioksidi. Namba inaweza kubaki juu wakati hatari imepungua, kwa hiyo usiitupe mashine eti "haifanyi kazi".

Kisha gawa saa za kula kwa makundi madogo, makundi yaleyale kila siku. Kubandika namba ya kipima ukutani kunatuliza watu kuliko barua ya mkurugenzi, kwa sababu wanaiona wenyewe. Kunyunyizia dawa korido kila nusu saa kwa ugonjwa unaosafiri hewani ni maonyesho tu, tena kunawachosha wasafishaji, ambao nao ni wafanyakazi.

#6 Utumishi_Kamili

Niingie kwenye pesa, kwani hapo ndipo sera nyingi hujikata miguu.

Asiyelipwa akiumwa atakuja anaumwa. Kabla ya kununua huduma yoyote ya ushauri nasaha, fanya haya: malipo ya siku za ugonjwa na za kujitenga yaanze siku ya kwanza, siyo ya nne, sitisha posho ya mahudhurio kwa kipindi chote, kwa sababu posho hiyo inawalipa watu waje na homa, usidai cheti cha daktari kwa wiki ya kwanza, maana cheti kinamtoa mgonjwa kitandani, kinamweka kwenye foleni, na kinajaza zahanati bila faida. Vibarua na watu wa kampuni ya usafi au ulinzi waingizwe humohumo. Ugonjwa hausomi mkataba.

Wenye hatari zaidi (wajawazito, wenye maradhi ya kudumu) wahamishwe kwa kuomba bila kueleza ugonjwa wao kwa msimamizi. Fomu iende kwa mtu wa afya kazini, msimamizi apate jibu moja tu: "huyu asipangwe eneo fulani." Msimamizi akijua undani, kesho kitengo kizima kinajua.

Pia Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuna hatari kubwa na ya papo hapo kwa uhai au afya yake. Andikeni mapema anamwambia nani, na nani anakuja kukagua ndani ya saa hiyo. Pasipo utaratibu, kukataa kunageuka ugomvi wa nidhamu.

#7 Mnasihi_K

Nimefurahi uzi umefika namba 7 kabla ya kuitwa mimi, ndio mpangilio sahihi. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, linaueleza uchovu wa kupindukia wa kazi kuwa ni jambo la kikazi, halikuuweka kwenye magonjwa. Dalili zake tatu ni kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuidharau, na kuona huna tija. Uchovu ukitoka kazini, dawa yake ya kwanza iko kazini.

Mfano unaostahili kujulikana ni SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona. Wafanyakazi wa hospitali za Toronto zilizotibu wagonjwa wale walipimwa miezi 13 hadi 26 baadaye, na bado walikuwa wamechoka na kutaabika kuliko wenzao wa hospitali ambazo hazikuwapokea. Walioona kwamba mafunzo, kinga na kuungwa mkono vilitosha walikuwa na nafuu. Somo la kwanza ni la bajeti: usifunge huduma wimbi linaposhuka. Wengi huanza kudhoofika wakishapata nafasi ya kukaa.

Sasa yale ambayo wengi hawapendi kuyasikia. Kile kikao cha kuwaketisha wote baada ya tukio baya na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona na alivyojisikia, mara moja, kwa lazima, hakizuii msongo wa baada ya kiwewe, na wengine huwaumiza. Miongozo mikubwa haikipendekezi. Badala yake tumieni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ametetereka na kama yuko salama. Sikiliza bila kumchimba. Muunganishe na kitu halisi, kama usafiri wa kurudi, chakula, mtu wa kukaa naye, au mtaalamu akihitaji. Msimamizi anaweza kufundishwa hayo kwa siku moja.

Na acheni kuuliza "uko sawa?" Lugha yetu imetuzoesha kujibu "nzuri" hata nyumba ikiwa inaungua. Uliza lenye jibu: "Unalala masaa mangapi?" "Wiki hii kipi kimekulemea zaidi?" "Nikikuondolea kitu kimoja, kiwe kipi?" Hilo la tatu usiliulize kama huna uwezo wa kuondoa chochote. Dakika 10 kwa mtu, kila wiki mbili, msimamizi mmoja asizidi watu 10 au 12. Akiwa na 40 atageuza mazungumzo kuwa fomu.

Akitamka kwamba maisha hayana maana au anataka kujidhuru, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, na mfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

#8 NambaHazidanganyi

Tofauti kidogo na @Mnasihi_K: mazungumzo peke yake yanakuonyesha wanaopenda kuongea. Pimeni pia. Ila watu hupima vibaya, basi nieleze.

WHO-5, dodoso fupi la ustawi la Shirika la Afya Duniani, inatosha: maswali 5 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 5. Jumla kubwa ni 25, zidisha kwa 4 upate 100. Chini ya 50 ni ustawi mdogo. Kwa mtu mmoja, badiliko la alama 10 ndilo huchukuliwa kuwa la maana, kwa hiyo usipige vigelegele kwa alama 3. Isiulizwe kila wiki, kwa kuwa swali lenyewe linatazama wiki mbili. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Msitumie PHQ-9, maswali 9 ya kupima dalili za sonona, kwenye dodoso lisilo na majina. Swali lake la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu akijibu "ndiyo, karibu kila siku" na hujui ni nani, utafanyaje? Kifaa hicho kikae mikononi mwa wahudumu wa afya.

Kundi la chini ya watu 10 usilitolee matokeo yake peke yake, liunganishe na jingine. Na usiulize usichokusudia kurekebisha. Dodoso la tatu bila badiliko lolote hupata majibu ya kubandika.

#9 MpangaZamu

Nakubali. Na kuna kipimo cha bure kabla ya dodoso: hesabu mapumziko yaliyokosekana, zamu za ziada kwa kila jina, na mara ngapi lile pengo la masaa 11 limevunjwa. Hesabu hiyo ya kila wiki inatoka kwenye ratiba ambayo tayari unayo.

#10 KalamuNyekundu

Nichangie habari, kwa sababu uvumi huchosha kama zamu. Taarifa moja kwa siku, saa ileile, kutoka kwa mtu yuleyule, mistari minne: tunachojua, tusichojua bado, tulichoamua leo, na taarifa ijayo ni saa ngapi. Ule wa pili ndio viongozi huuruka, na ndio unaojenga imani. Mwongozo ukibadilika, sema umebadilika na kwa nini. Usiubadilishe kimyakimya kwenye ubao. Asiye na simu janja au anayefanya kazi usiku apate karatasi.

Mfanyakazi mwenzenu akifariki, mpangilio ni huu. Timu yake ya karibu iambiwe kwanza, kwa mdomo, kabla ya ujumbe wa kundi. Walio mapumzikoni wapigiwe simu. Chanzo cha kifo kisitajwe bila ridhaa ya familia. Halafu, siku hiyohiyo, mtu mmoja apewe kazi ya kulitoa jina kwenye ratiba ya wiki ijayo, kwenye orodha za barua pepe na kwenye mfumo wa mahudhurio. Hakuna kinachochoma kama marehemu kuandikwa "hajafika kazini" Jumatatu. Kabati na meza visiguswe mpaka familia iulizwe. Na zamu ya siku ya mazishi ijazwe na watu wa kitengo kingine.

#11 Mgeni_wa_Jukwaa

Asanteni wadau, nimenakili karibu yote. La mwisho: tuna watu wawili waliopona lakini hawajarudia hali yao, miezi inakwenda. Tuliwapangia kuongeza masaa kila wiki, mmoja amezidi kuwa hoi. Wanadhaniwa wavivu.

#12 Mnasihi_K

Hiyo inaelekea kuwa hali ya baada ya korona. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ni dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 tangu kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezwi na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo daktari kwanza, aondoe sababu nyingine.

Kuna wengine ambao wakijikaza leo, dalili huwashukia siku moja au mbili baadaye. Kwa hao ngazi ya "ongeza kila wiki" ndiyo inayowavunja. Geuzeni: anzeni na masaa ambayo anayamaliza bila kuanguka kesho yake, hata kama ni 3, yakae hapo wiki mbili au tatu. Yakishikilia, ongezeni nusu saa. Yakigoma, rudini ngazi moja bila kikao cha nidhamu. Msiongeze masaa na uzito wa kazi kwa wakati mmoja, hamtajua kipi kimemwangusha. Apumzike kabla ya kuchoka, kwa mfano dakika 10 kila dakika 50, na kazi ya kusimama ibadilishwe iwe ya kuketi. Zamu ya usiku asipangwe kabisa kwa sasa.

Kuhusu kudhaniwa wavivu: msimamizi awaambie wenzao jambo moja tu, kwamba ratiba yao imepangwa na afya kazini. Na zile nafasi pungufu zijazwe na mtu mwingine, zisimwagwe juu ya kitengo. Nyingi ya chuki hizo huanzia hapo.